Raba Mpya ya Bi Nailoni

Katika kiwanda cha magodoro hakuna kosa kubwa kuliko kulitoa godoro nje bila nailoni. Unaweza kuchelewa kazini ukasamehewa. Unaweza hata kusinzia juu ya mali ya kampuni, na nani asiyesinzia akizungukwa na magodoro kutwa nzima, ukapigiwa kelele kidogo na mambo yakaisha. Lakini godoro likitoka uchi, vumbi likagusa kitambaa, mteja hulirudisha siku hiyohiyo, na msimamizi hupanda juu ya kiti kuhutubia wafanyakazi wote kana kwamba kuna msiba.

Mwenye dhamana ya nailoni hiyo alikuwa mwanamke mmoja mfupi, mnene kidogo, mwenye mikono isiyo na haraka. Watu walimwita Bi Nailoni, na hata walinzi wa getini walikuwa wameshasahau jina lake la kuzaliwa. Aliivuta nailoni kutoka kwenye rola kubwa, akalivika godoro, akaziba kingo kwa mashine ya moto, akalipapasa kuona kama kuna mkunjo. Kazi hiyo aliipenda mpaka ikamfuata nyumbani. Makochi yake yalikuwa bado na nailoni ya dukani, na rimoti ya televisheni nayo ilivalishwa. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa akilalamika kwamba msimu wa joto akikaa kochini na kaptula, anahitaji mtu wa kuja kumbandua.

Basi Bi Nailoni alikuwa mtu wa furaha zake, isipokuwa kwa jambo moja, nalo ni mpira wa meza.

Kantini ya kiwanda ilikuwa na meza ya mchezo huo, imechubuka kona, mguu mmoja umewekewa kipande cha sponji isiyumbe. Kila mwaka timu ya watu watano ilicheza na wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Na kila mwaka, tangu timu ianzishwe, Bi Nailoni alikuwa mchezaji wa akiba. Mchezaji wa akiba hushika mataulo, hujaza chupa za maji, halafu hupiga makofi. Naye alipiga, lakini tusidanganyane: viganja vilikuwa vikipiga huku moyo umenuna.

Aliyemweka akiba hakuwa mtu baki. Nahodha wa timu alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, fundi wa mashine za kushona vitambaa vya magodoro, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kushinda mashine zenyewe. Wifi alicheza mpira wa meza kama mtu anayeua nyoka. Mpira ukimjia, anaupiga. Ukienda nje, anaulaumu.

"Wifi yangu," alikuwa akimwambia Bi Nailoni mbele za watu, "wewe unaubembeleza mpira. Mpira haubembelezwi, si mtoto."

"Basi nifundishe kupiga."

"Kupiga hakufundishwi! Mtu anazaliwa nako."

Watu walicheka, maana utani wa mawifi una ruhusa yake. Bi Nailoni naye alicheka. Lakini akifika nyumbani alikuwa akiosha vyombo kwa kelele, na mumewe akawa anajua kwamba leo dada yake amesema neno.

Mwaka huo mambo yakabadilika kidogo. Fundi umeme, mmoja wa wale watano, aliteleza kwenye ngazi akateguka kifundo cha mkono, na nafasi ikawa wazi wiki moja tu kabla ya mechi. Wifi akatangaza kantini, kijiko mkononi: Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Bi Nailoni atacheza na karani wa mapokezi, kijana mtanashati aliyeajiriwa juzijuzi na aliyekuja kazini na viatu maalumu vya mchezo. Atakayeshinda anaingia kwenye timu. Atakayeshindwa anashika mataulo.

"Safari hii nikikosa, naacha kabisa," Bi Nailoni alimwambia mumewe usiku ule. "Siendi hata kutazama. Sitashika taulo la mtu tena mpaka nastaafu."

Mume alimtazama, akaona hafanyi mzaha. "Kwani unashindwa wapi?"

"Raketi," alisema Bi Nailoni bila kufikiri.

Ndivyo watu tulivyo. Lakini hakuwa amekosea kabisa. Raketi za kantini zilinunuliwa zamani zikiwa zimeshabandikwa raba tayari, na raba hizo zilikuwa zimekwisha, zinateleza kama sahani. Ni wifi pekee aliyekuwa na raketi ya maana, aliyorithi kwa mfanyakazi mmoja aliyestaafu, yenye raba nyekundu inayorusha mpira kama kombeo. Bi Nailoni alikuwa ameitamani raketi hiyo kwa miaka.

Kesho yake alipotoka kazini alikwenda kwenye duka la vifaa vya michezo. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, na alionekana kuwa na hamu ya kuongea.

"Nataka raba mpya nibandike kwenye raketi," alisema Bi Nailoni.

"Karibu sana, mama. Unachezaje?"

"Vizuri."

Muuzaji akacheka. "Siulizi kama unajua. Nauliza wewe ni mchezaji wa namna gani. Raba inamfuata mtu. Kuna mtu wa kupiga, huyo nampa raba ya kasi, sponji nene. Kuna mtu wa kuusokota mpira, nampa raba inayonata. Na kuna mtu wa kusimama nyuma na kurudisha tu mpaka mwenzake achanganyikiwe, huyo nampa hii."

Alimwonyesha raba nyeusi isiyo laini kama zile nyingine. Uso wake wote ulijaa vipele vidogo, virefu, vinavyolala vikiguswa.

"Hii haipigi," alisema muuzaji, "lakini mwenzako akikusokotea mpira, inamrudishia mzunguko wake mwenyewe. Anashangaa."

"Hiyo imeota chunusi," alisema Bi Nailoni. "Iondoe."

Akaanza kuzibonyeza raba kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, akisikiliza sponji inavyojibu. Hapo alikuwa nyumbani kwake. Kwenye magodoro, nene ni bora kuliko jembamba, na hakuna mjadala. Akaikamata nene kuliko zote.

"Hii."

"Mama, hiyo ni ya kasi sana. Ni ya mtu anayepiga. Wewe unapiga?"

"Napiga."

"Mpira ukikujia kwa nguvu, mkono wako wenyewe unafanya nini? Niambie kweli."

Bi Nailoni aliishikilia raba ile nene. Alijua vizuri mkono wake unafanya nini: unausubiri mpira, unauwekea raketi, unaurudisha. Lakini hilo ndilo lililomweka akiba miaka yote, na hakuja dukani kununua akiba. "Nataka kama ya wifi yangu," alisema.

"Wifi yako ndiye atakayecheza?"

Swali hilo lilimchoma, naye akajibu kwa kufungua mkoba. Muuzaji akashusha mabega. Alijitolea kuibandika palepale, amwelekeze na namna ya kuitunza, lakini Bi Nailoni alimkata.

"Baba, mimi nafanya kazi kiwanda cha magodoro. Gundi na sponji unataka kunielekeza mimi?"

Muuzaji akanyamaza. Angesema neno moja tu zaidi, hadithi hii isingekuwepo.

Kazi ya kubandika ilifanyika wakati wa mapumziko, kwenye meza ya fundi wa gundi, mzee mmoja asiyetoa glavu hata akila. Walibandua raba iliyokufa ya raketi moja ya kantini, wakasafisha ubao, wakapaka gundi nyembamba, wakailaza mpya taratibu kutoka upande wa mpini kwenda juu ili hewa isibaki ndani. Ilipolala, wote wawili wakaona kitu kilichowagusa moyo. Juu ya raba, kuanzia ukingo hadi ukingo, palikuwa na nailoni nyembamba, angavu, iliyokaza bila mkunjo hata mmoja.

"Tazama kazi hiyo," alisema Bi Nailoni, sauti imeshuka kwa heshima. "Kumbe na wao wanajua."

"Usije ukaitoa," alionya fundi wa gundi.

"Niitoe nina wazimu?"

Tusiwacheke mapema. Hakuna mtu kiwandani aliyewahi kuiona raba mpya ikiwa bado kwenye ngozi yake, na ukiwa umetumia nusu ya maisha yako kuvalisha vitu nailoni ili viwe salama, nailoni huioni kuwa kifuniko. Unaiona kuwa sehemu ya kitu chenyewe. Bi Nailoni alichukua wembe akapunguza kingo, raba na nailoni yake pamoja, akapapasa kuzunguka. Palikuwa laini kabisa. Upande wa pili wa raketi aliuacha na raba yake nyeusi iliyochakaa, maana huo hakuwa na mpango nao.

Alhamisi kantini ilijaa. Karani wa mapokezi aliruka-ruka mahali pamoja kupasha mwili moto, akaomba kuiona raketi ya mpinzani wake, akaigeuza huku na huku.

"Hongera, mama," alisema. "Mpya kabisa, hata nailoni haijatoka."

"Na haitoki," alijibu Bi Nailoni kwa fahari, na karani akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Mchezo ulipoanza, Bi Nailoni alijaribu kuwa wifi yake. Aliuinua mkono, akapiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukateleza kwenye raketi ukaangukia wavuni. Akapiga tena, wavuni tena. Karani akapata pointi tano bila hata kutokwa jasho, na wifi, aliyekaa kwenye kreti ya soda, akashika tama.

Bi Nailoni alisikia joto la aibu likimpanda masikioni. Haya, alijisemea, kama ni kushindwa nishindwe kwa namna yangu. Akarudi hatua moja nyuma. Karani akausokota mpira kwa mbwembwe. Bi Nailoni akauwekea raketi tu. Mpira ukarudi polepole, umepoa, hauna hamu na kitu chochote. Karani akaupiga kama kawaida yake, ukazama wavuni. Akatazama raketi yake. Akasokota zaidi, na mpira ukarudi na uzembe uleule. Kadiri alivyoongeza ufundi ndivyo mpira ulivyomkataa. Alijaribu kushoto, akamkuta Bi Nailoni yuko kushoto. Alijaribu karibu na wavu, akamkuta amefika, anahema, anarudisha. Mwishowe kijana wa watu alikuwa na macho ya mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua, na kantini nzima ilikuwa imevunjika mbavu.

Bi Nailoni alishinda. Wifi akaja, akaitazama raketi, akamtazama wifi yake.

"Ahadi ni ahadi," alisema. "Jumamosi unacheza. Lakini unacheza mwisho."

Bi Nailoni alielewa maana yake: nahodha alitarajia kwamba kufikia mchezo wa mwisho mambo yatakuwa yameshaamuliwa, ili asiweze kuharibu kitu. Liliuma, lakini liliuma kidogo. Usiku ule aliosha vyombo bila kelele.

Jumamosi walivuka barabara. Ukumbi wa wachapaji ulinukia wino na karatasi mpya, na meza yao ilikuwa ya bluu, imesimama sawasawa, jambo lililowaudhi watu wa magodoro tangu mlangoni. Mwamuzi alikuwa mzee waliyemwita Mzee Herufi, mstaafu wa uchapaji aliyepanga kwa mkono herufi za madini ya risasi enzi hizo, ambaye pande zote mbili zilimwamini kwa sababu alizigombeza zote sawa.

Michezo minne ya kwanza ilikwenda mbili kwa mbili. Wifi alikuwa mmoja wa walioshindwa. Aliongoza mpaka karibu na mwisho, akapewa mpira wa juu, laini, wa kumalizia. Akaupiga kwa hasira yote aliyonayo, ukapita juu ya meza ukagonga kabati la karatasi. Baada ya hapo akapiga mingine miwili kulipiza kisasi, yote nje, kisha akaenda kukaa.

Kwa hiyo yale ambayo nahodha aliyakwepa ndiyo yaliyotokea. Kila kitu kilimwangukia Bi Nailoni.

Mpinzani wake alikuwa msahihishaji wa kiwanda, dada mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kusoma kurasa kabla hazijachapwa na kukamata makosa. Kabla ya kuanza, kama ilivyo desturi ya mchezo, walibadilishana raketi kila mmoja akague ya mwenzake. Msahihishaji alipitisha kidole gumba juu ya raba. Akasimama. Akaipeleka raketi kwenye mwanga wa dirisha, akaiinamisha, akakwaruza ukingoni kwa ukucha.

"Samahani, dada," alisema, na alisema kwa upole kweli. "Hii bado hujaitoa?"

"Kutoa nini?"

Mzee Herufi akasogea, akasema hiyo ni ya kulinda raba dukani na haichezewi. Akaweka ukucha wake pale pale, akavuta. Nailoni ikabanduka kwa sauti ndefu iliyosikika mpaka mlangoni, na chini yake raba ikatokea nyekundu, yenye unyevunyevu wa upya, inayonata kwenye kidole.

Ukumbi ukalipuka. Wachapaji walicheka wakashikana mabega. Watu wa magodoro hawakucheka mara moja. Kwanza waliduwaa, maana walikuwa wameona nailoni ikivuliwa hadharani. Kisha fundi wa gundi akajifunika uso kwa glavu zake, na hapo nao wakaanguka kicheko.

"Nilijua!" alipaza sauti karani wa mapokezi, ambaye hakujua chochote. Tayari alikuwa ameanza kufunga kamba za viatu vyake maalumu.

Bi Nailoni alisimama na raketi iliyo uchi mkononi. Machozi yalikuwa karibu, na aliyazuia kwa kukaza meno. Akapewa nafasi ya kujaribu mipira michache. Wa kwanza aliugusa tu, ukaruka ukagonga feni ya darini. Wa pili haukuonekana ulikokwenda.

"Nahodha," alisema Mzee Herufi, "unabadilisha mchezaji? Hamjaanza bado, una ruhusa."

Wifi aliinuka, akaja mpaka mezani. Karani naye akaja, ameshavua koti.

"Kumbe Alhamisi ilikuwa nailoni," alisema wifi kwa sauti ya chini.

Bi Nailoni alikuwa ameshanyoosha mkono kumpa karani nafasi yake. Ungekuwa mwisho wa mambo, na angeacha mchezo kama alivyoapa. Lakini mkono ulipokuwa njiani alikumbuka zile pointi tano za mwanzo. Nailoni ilikuwepo wakati huo pia, na ilikuwa inapoteza. Ilianza kushinda pale yeye alipoacha kupiga. Na nailoni haina miguu. Kushoto alikwenda nani, kama si yeye?

Akaurudisha mkono.

"Mzee," alimwambia mwamuzi, "kuna raba ya halali inayofanya kama nailoni?"

Mzee Herufi akaenda kwenye mkoba wake pembeni ya ukuta, akatoa raketi yake mwenyewe. Upande mmoja ulikuwa mwekundu, wa kawaida. Upande wa pili ulikuwa mweusi, umejaa vipele virefu.

"Hii ni ya watu wasiopiga," alisema. "Vijana hawaitaki, wanasema ya wazee."

"Mzee!" wachapaji walilalamika. "Uko upande gani wewe?"

"Upande wa meza. Nyamazeni."

Bi Nailoni aliipokea. Zilikuwa chunusi zilezile alizozifukuza dukani. Alijua kwamba akiishika raketi ile mbele ya watu wote hawa, amekiri kitu alichokikataa maisha yake yote kiwandani, na kwamba akishakikiri hakuna kurudi nyuma.

"Mimi sipigi," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Sijawahi kupiga. Narudisha tu mpaka mtu achoke. Wifi, ukitaka nitoe. Lakini nikicheza, leo nacheza kwa namna yangu. Sichezi kwa namna yako."

Hakuna aliyewahi kumwona Bi Nailoni akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Wifi alimtazama juu mpaka chini. Akamgeukia karani.

"Wewe ulishindwa na karatasi ya nailoni," alisema. "Vaa koti lako, mwanangu. Cheza, wifi."

Seti ya kwanza aliipoteza. Vipele vilikuwa na tabia zao na ilibidi wazoeane. Mara mpira unakwenda mfupi, mara unayumba hewani kama uliokunywa. Lakini alisikia mkono wake ukitulia. Hakuwa na haja ya kuwaza apige au asipige. Alisubiri, akaweka, akarudisha.

Seti ya pili msahihishaji alianza kukunja uso. Alizoea makosa yanayosimama mahali pamoja yakasubiri kukamatwa. Mpira huu alikuwa akiusokota kwenda huku, unamrudia umejisokota kule. Akipunguza nguvu, unalala. Akizidisha, unamfia wavuni. Wachapaji waliacha kucheka. Watu wa magodoro walikuwa wamesimama juu ya viti ambavyo si vyao. Seti ikaenda kwa Bi Nailoni, naye akachukua taulo akajifuta mwenyewe, maana mchezaji wa akiba aliyekuwepo alikuwa bado amenuna.

Seti ya tatu ilikwenda bega kwa bega. Mipira ilivuka wavu na kurudi, ikavuka na kurudi, mpaka Mzee Herufi akawa anageuza shingo kwa tabu. Bi Nailoni alikuwa analowa jasho, magoti yanamwambia mambo, na bado alikuwa na raha ambayo hajawahi kuionja kwenye mchezo huu. Alikuwa anajiona anafaa. Zaidi ya kushinda, hilo ndilo alilokuwa akilitaka tangu zamani bila kujua.

Akafika pointi ya kumaliza. Msahihishaji alirudisha vibaya, mpira ukapaa juu, laini, mwepesi, ukashuka upande wa Bi Nailoni kama zawadi. Mpira wa kupigwa. Kila mtu aliuona.

"Piga!" aliita wifi kwa sauti ile ya kushinda mashine. "Piga, wifi! Piga!"

Msahihishaji akarudi nyuma mbio kulisubiri kombora. Bi Nailoni aliuangalia mpira ukishuka, akausubiri mpaka watu wakazuia pumzi, kisha akauwekea vipele, taratibu, kama anavyolaza ukingo wa nailoni. Mpira ukavuka wavu kwa shida, ukadunda mara moja, ukadunda ya pili ukiwa bado juu ya meza. Msahihishaji alijirusha mbele. Hakuufikia.

Kelele zilizofuata hazielezeki. Fundi wa gundi alivua glavu zake akazirusha hewani, jambo ambalo bado linazungumzwa. Msahihishaji alikuja kumshika mkono Bi Nailoni, akicheka na kutikisa kichwa. Karani wa mapokezi, tumpe haki yake, alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Wifi alikuwa wa mwisho kufika. Alisimama mbele ya Bi Nailoni, mikono kiunoni, na Bi Nailoni akajiandaa kwa utani.

"Mimi ningeupiga ule mpira," alisema wifi.

"Najua."

"Na ningeutoa nje. Kama nilivyoutoa." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Bi Nailoni hakuwahi kuisikia ikiwa chini namna ile. "Unajua kwa nini nilikuwa nakuweka akiba? Ukicheza siwezi kutazama. Mpira unarudi, unarudi tena, na mimi huku moyo unataka kutoka. Nikawa nawaambia watu kwamba wewe huwezi kupiga. Kumbe mimi ndiye siwezi kusubiri."

Bi Nailoni alitafuta neno la kumtania, maana zamu ilikuwa yake na nafasi kama hiyo haiji mara mbili kati ya mawifi. Akaliacha. Alimkumbatia tu, na jasho lake lote, na wifi akamwacha amloweshe.

"Jumatatu mchana," alisema wifi begani kwake, "cheza na mimi. Usinionee huruma."